Miaka Yangu Kati ya Abanirichi

Niliposema nastaafu, Mchungaji Onsare aliniuliza kama nimepimwa malaria. Nilimwambia sina homa, sijafika hata miaka thelathini, na nimechoka. Akasema watu wa umri wangu hawastaafu, wanaacha kazi. Lakini anayeacha kazi huondoka bila hotuba, na mimi nilitaka hotuba. Tukakubaliana katikati: nikapewa soda na mandazi, hotuba akaitoa yeye, na mimi nikaombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaoingia ofisini baada yangu mambo ambayo hakuna mwingine atakayewaambia. Basi naandika, ingawa wawili kati yenu mmenizidi umri.

Mshahara sitautaja, maana si vizuri kumsema asiyekuwepo. Vyeo navyo vilikuwa hivi: ofisi ilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa mkurugenzi.

Sikuja kwa wito. Nilikuja kwa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima karibu na soko la Kisii, likitafuta mtu mwenye digrii na Kiswahili kizuri. Digrii yangu ilikuwa ya sosholojia. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuuliza nani amesema, kwa nini amesema, na nani amemtuma aseme, na tangu hapo sijaweza kuacha. Mama yangu anaamini ni kitu nilichoambukizwa hosteli. Siku ya mahojiano nilipanda ngazi hadi chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambamo kila neno lilisindikizwa na mlio wa mabati yanayokatwa chini. Mchungaji Onsare, mzee mwembamba aliyekuwa afisa wa kilimo kabla ya kuwa mchungaji, aliniuliza swali moja tu: kama huwa naomba. Nilimjibu ukweli, kwamba mimi huuliza kuliko ninavyoomba. Akawaza kidogo. Akasema hapo hakuna shida, ila katika ofisi hii tunauliza tukiwa tumefumba macho.

Kazi yenyewe mnaijua. Kila mwezi marafiki wa ofisi walioko ng'ambo walitutumia kadi ya Kiingereza yenye habari za kabila moja ambalo Injili haijalifikia, au imelifikia kidogo tu: wanaishi wapi, wanafanya nini, waombewe nini. Mimi niliitafsiri kwa Kiswahili, tukaisambaza kwa vikundi vya maombi vya Kisii na Nyamira, Wasabato kwa Wakatoliki, kisha nikazunguka na simu na spika nikirekodi maombi yao ili marafiki nao wasikie. Niliuliza, kama Mungu ameshasikia, kwa nini marafiki wasikilizishwe tena. Mchungaji alisema Mungu haombi ripoti.

Kifaa chetu kikuu kilikuwa dunia. Siyo ile ya plastiki ya shuleni, bali dunia ya jiwe laini linalochongwa kule Tabaka, kubwa kama mtungi wa gesi, iliyochongwa na fundi ambaye Mchungaji alimpa kalenda yenye ramani akamwachia mengine. Upande mmoja wa kalenda ulikuwa umefunikwa na picha ya ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya Asia ilikuwa laini kama yai. Afrika ilitoka vizuri, na Kisii ilikuwa na ukubwa wa Misri. Vikundi viliweka mikono juu yake wakati wa kuomba, na ilikuwa kawaida kuona mikono yote imerundikana juu ya Kisii. Ushauri wangu wa kikazi: msiibebe kwa mgongo, na msiiweke juu ya meza ya kanisa lolote kabla ya kuitikisa meza kwanza. Kuna kanisa huko Nyakoe lenye meza ya miguu mitatu kwa sababu yetu.

Mchungaji ndiye aliyenifundisha kutafsiri. Alisema usiandike juu ya watu jambo ambalo usingelisema wakiwa wamekaa hapo kwenye benchi wanakusikia. Hilo ndilo somo pekee la ofisi ile ambalo sikuwahi kulipinga. Lakini kuna mitego ambayo hata yeye hakunionya. Mwezi mmoja kadi ilisema kwamba katika kabila fulani la milimani baba ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, na bila ruhusa yake hakuna anayeweza kubatizwa. Nikaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili kizuri cha kitabuni. Mnajua kwamba kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, ukisema baba umemwita mama yako. Akina mama wa Nyakoe waliisoma kadi, wakafurahi sana kusikia kwamba duniani kuna mahali pa namna hiyo, na wakaliombea kabila lile lisibadilike.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimsumbua yule mzee kwa maswali. Nani aliyewahesabu watu hawa? Nani aliamua kwamba hawajafikiwa, na wao wenyewe waliulizwa? Siku moja nilimuuliza kama watu hao nao wana ofisi mahali fulani, juu ya duka fulani, na kadi yenye habari zetu sisi: wanalima chai na ndizi, wanapenda kesi za mashamba, waombeeni. Nilitarajia anikemee. Aliweka kalamu chini, akatazama dirishani, akasema anatumaini wanayo, kwa sababu tuna shida nyingi.

Amplifaya yetu iliharibika karibu kila mwezi, na fundi wa kuaminika alikuwa mmoja tu, kijana wa Nyamira mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa na pengo katika meno ya mbele na mkono mwepesi, na sisi tulimwita Fundi tu. Alikuwa na tabia moja ngeni. Kila alipomaliza kutengeneza, alikataa kuijaribu amplifaya kwa muziki. Alitaka rekodi za maombi, na hakutaka za kikundi kingine chochote ila cha akina mama wa kijiji cha Nyacheki. Nilidhani ni utaalamu, kwamba sauti za akina mama wale zina juu na chini ambazo spika inazihitaji. Alisikiliza mpaka amina ya mwisho, ameinamisha kichwa, kisha aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Kwa hiyo mwezi huu wako wapi?" Nilimjibu kutoka kwenye kadi: jangwani, au pwani ya mbali, au milima yenye theluji. Alishukuru, akarudi kwenye nyaya zake. Nilimpenda kwa sababu ndiye mtu wa kwanza katika kazi ile aliyeuliza kitu. Mara moja nilimwomba aje Nyacheki kutufungia spika kanisani. Alisema huko hafiki, akaongeza kwamba ni mbali, jambo ambalo siyo kweli.

Rekodi za Nyacheki, kabla sijafika huko, zilikuwa zikitumwa na mwenyekiti wa kikundi mwenyewe kwa simu ya jirani, na mimi nilizipeleka mbele bila kuzisikiliza kwa makini, maana zilikuwa ndefu. Nilipokwenda huko mara ya kwanza niliwakuta wametoka kupeleka majani ya chai kituoni, vikapu vimeegeshwa ukutani mwa kanisa, wamekaa kwenye nyasi. Kiongozi wao alikuwa Mama Kemunto, mjane mwenye magoti mabovu na sauti ambayo haikuhitaji amplifaya. Aliomba kama mzazi anayemtuma mtoto dukani: alimweleza Mungu kitu, akamweleza tena, akamuuliza kama amesikia. Na watu aliokuwa akimweleza habari zao walikuwa Abanirichi.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Alisema, Bwana, uwahurumie Abanirichi, watu wasio na mahali. Mwanzoni walikuwa wakifuga ngamia. Baadaye tukaambiwa wako kwenye merikebu. Sasa wako kwenye theluji, na ngamia hatujui wamewaacha na nani. Bwana, wape shamba. Wape hata robo eka, watulie. Na wale akina mama wote wakaitikia kwa huzuni kubwa.

Nilichukua muda kuelewa, na nawaeleza hapa ili nyinyi msichukue. Kadi zote za ng'ambo zilikuwa na neno moja la Kiingereza juu kabisa, kwa herufi kubwa, UNREACHED, lenye maana ya watu ambao hawajafikiwa, na mimi nilitafsiri mengine yote nikaliacha hilo kama lilivyo. Midomoni mwetu neno hilo linakuwa anirichi. Na lugha yetu haiwezi kuliona neno limesimama peke yake bila kulivika kitu. Akina mama waliona anirichi juu ya kila kadi wakajua hilo ndilo jina la watu, wakaweka aba mbele, wakapata Abanirichi. Ukishapata Abanirichi, mmoja wao ni Omonirichi. Lugha yake itakuwa Ekenirichi, na kwao kutakuwa Bonirichi. Sarufi ya nyumbani ilikuwa imezaa taifa zima, na mwezi baada ya mwezi kadi zetu ziliwapa kazi mpya na nchi mpya, kwa hiyo walikuwa watu wanaohama kuliko binadamu wowote waliopata kuishi.

Nilimuuliza Mama Kemunto, kwa upole, amewajuaje watu hawa. Alinitazama kwa huruma, mimi mtu wa ofisi nisiyejua kazi yangu. Akaniambia ana mtoto huko. Kitinda mimba wake, Ogeto, aliitwa na misheni fulani kwenda kuendesha gari lao kwa Abanirichi. Kijiji chote kilimsindikiza, kwaya ikaimba, akanunuliwa suti. Mwanzoni alipiga simu kila wiki. Akasema ameoa huko, na baadaye akasema amepata mtoto. Kisha simu zikapungua, na sasa ilikuwa zaidi ya mwaka hajasikia lolote.

"Simlaumu," alisema. "Mtu anayehama kila mwezi, leo merikebu kesho theluji, atachaji simu wapi?"

Hapo ndipo nilipoona shida ilipo. Kwangu Abanirichi walikuwa kosa la tafsiri. Kwa Mama Kemunto walikuwa sababu ya mwanawe kunyamaza. Ukimwondolea hao, anabaki na mtoto asiyempigia simu.

Nilirudi ofisini nikamweleza Mchungaji. Alikuwa anajua, tena zamani. Alisema aliwahi kwenda Nyacheki kuwaambia ukweli, na walipomwona anahangaika na maneno wakamwombea yeye. Akasema vikundi vingine vilikuwa vikiombea makabila yenye majina sahihi huku vikisinzia, na hawa peke yao, wenye kabila lisilokuwepo, ndio walikuwa macho. Nilimuuliza kama anaona ni sawa. Akasema Mungu anajua anwani. Nilimuuliza, na kama hakuna anwani? Akaniambia, "Moraa, fumba macho kwanza." Nilifumba. Sikuona chochote.

Kisha wakaja wageni. Walikuwa watatu, kutoka ng'ambo, na gari kubwa lenye dereva wa Nairobi. Mkubwa wao alikuwa mzee mrefu aliyesalimia kila kitu kwa mikono miwili, pamoja na mbuzi wa kanisa. Alikuwa amesikia rekodi za Nyacheki akiwa kwao na kuguswa sana, akataka kuwaona akina mama kwa macho yake, halafu siku ya pili waendelee kaskazini. Njiani aliniambia kuna jina analisikia katika kila rekodi na halimo katika majalada yao. Aliuliza kama tumegundua kabila jipya. Nilimwambia ni swali zuri. Hilo nalo nililijifunza chuoni.

Nyacheki walikuwa wamejipanga na vitambaa vyeupe. Dunia ya Tabaka iliwekwa chini kwenye nyasi, kwa usalama wa meza. Wageni wakaweka mikono juu ya Kisii kama kila mtu. Maombi yakaenda vizuri, nikatafsiri vizuri, nikiruka ngamia. Tulipodhani tumemaliza, Mama Kemunto alisimama, akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na begi, kuku katika kikapu, mkungu wa ndizi, na mfuko wa sweta nzito alizofuma mwenyewe. Akasema amesikia gari linakwenda kaskazini kesho. Na yeye anakwenda. Magoti yake mwaka huu bado yanakubali kupanda gari, mwaka ujao hayatakubali, na hawezi kufa hajamwona mke wa Ogeto na mtoto wa Ogeto. Abanirichi amewaombea vya kutosha, hawawezi kumkatalia mlango. Kisha akatoa picha ya mwanawe ndani ya blauzi, akampa yule mgeni mkubwa ili wakimwona njiani wamtambue.

Nilitafsiri yote, na safari hii sikuruka kitu. Yule mzee mrefu alifuta macho. Alisema nafasi ipo, tena atakaa mbele. Akanipa ile picha, akaniambia nimwelekeze tu dereva ni barabara gani.

Watu wote wakanitazama. Mchungaji Onsare alikuwa akiitazama dunia, upande wa Asia. Mimi niliitazama picha. Kijana aliyevaa suti mpya alikuwa akicheka, na katika meno yake ya mbele kulikuwa na pengo.

"Omong'ina," nilisema, kwa maana ndivyo tunavyomwita mama wa umri ule tukimheshimu, "Abanirichi hawapo."

"Wamehama tena?"

"Hawakuwahi kuwepo. Ni neno la Kiingereza. Wale wa ngamia ni watu wengine, wa merikebu wengine, wa theluji wengine. Kila kadi ilikuwa na watu wake."

Alifikiri. Akina mama nyuma yake wakaanza kunong'onezana, mmoja akauliza basi ile robo eka amepewa nani. Mama Kemunto akainua mkono, wakanyamaza.

"Basi mwanangu yuko kwa nani?"

"Yuko Nyamira."

"Nyamira ya wapi?"

"Hii yetu. Nyuma ya soko. Anatengeneza redio na spika."

Alinyoosha mkono nikamrudishia picha yake. Aliipangusa kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akauliza kama Nyamira kuna theluji. Nikamwambia hakuna, ila asubuhi kuna baridi kidogo. Yule mgeni alinivuta mkono akitaka kujua kimesemwa nini, nikamwambia mahali pamejulikana na barabara ni ya lami. Mchungaji, ambaye sijawahi kumwona akiamua jambo kwa haraka kama siku ile, aliwageuza wageni kuelekea kwenye chakula na kumwomba dereva atupeleke mimi na Mama Kemunto. Nawaambia kwamba ile ndiyo siku ninayoihesabu kuwa siku yangu ya kustaafu. Niliendelea kuja ofisini baadaye, lakini nilikuja kama mgeni.

Tulivuka mji wa Kisii. Kuku alikuwa ameshikiliwa na dereva kwenye mapaja, kwa sababu alimkataa kila mtu mwingine. Kisha Mama Kemunto akaniuliza lile neno la Kiingereza maana yake ni nini hasa.

Nikamwambia ni watu ambao bado hakuna aliyewafikia.

"Na Nyamira ni mbali?" alimuuliza dereva. Dereva akasema ni hapo tu. Mama Kemunto alitikisa kichwa. Akasema kumbe neno halikuwa na makosa. Baadaye akauliza tena: maombi yote yale, ya miaka yote ile, yalikwenda wapi? Nilikuwa nimeliuliza swali hilo kwa watu wengi, kwa sauti ya kujua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuulizwa. Nilitafuta jibu la chuoni, nikatafuta la Mchungaji, mwishowe nikamwambia kwamba mengine nayajua yalikokwenda, kwa sababu niliyapeleka mwenyewe. Nikamweleza habari za amplifaya, na fundi aliyekataa muziki na kusikiliza sauti yake mpaka amina. Alisikiliza. Aliuliza amina ipi, na nilipomwambia zote, akaangalia nje.

Kibanda kilikuwa wazi. Ogeto alikuwa ameinamia redio na chuma cha kulehemu mkononi, moshi wa risasi iliyoyeyuka ukimpanda usoni. Aliinua macho, akamwona mama yake mlangoni na kikapu cha kuku, akasimama, akakaa, akasimama tena na kusahau kuweka chini kile chuma cha moto.

Mama Kemunto alitazama nyaya zinazoning'inia, spika zilizopasuka, kalenda ukutani. Alizungusha macho polepole kona zote nne.

"Hii ndiyo merikebu?"

"Mama," alisema Ogeto, "merikebu ilinishinda."

Akaeleza yote amesimama, kama mwanafunzi. Wale wa misheni walimjaribu kuendesha gari, akaligonga lango lao, wakamshukuru na kumrudisha siku ile ile. Alifika Nyamira na suti yake, akaikumbuka kwaya, akashindwa kupanda gari la kwenda kwao. Akampigia mama yake kumwambia amefika kwa Abanirichi, akinuia kumwambia ukweli wiki ijayo. Lakini wiki iliyofuata mama ndiye aliyemwambia kwamba yuko jangwani, akampa pole ya ngamia. Tangu hapo alilazimika kujua kila mwezi anaishi wapi ili asikosee kwenye simu, na rekodi zangu ndizo zilizomjulisha. Jangwa aliliweza. Alipoambiwa yuko baharini, na mama akamuuliza analalaje juu ya maji, uongo ulimwishia, akaacha kupiga. Akabaki kusikiliza tu.

Mama Kemunto alimwachia amalize. Kisha akamwambia aweke kile chuma chini kabla hajaunguza nyumba ya watu, na hilo ndilo lililokuwa kemeo lote, siku ile angalau.

Mke wa Ogeto alitokea kibanda cha jirani, ambako anashona nguo, amembeba mtoto. Mama Kemunto alinyoosha mgongo. Aliacha Ekegusii kabisa, akatafuta Kiswahili chake cha shule, na akakitoa neno moja moja, kwa sauti kubwa, vile watu husema na wageni wa mbali.

"Habari. Yako. Mimi. Ni mama. Wa huyu."

Yule mwanamke aliinama kwa heshima akamjibu kwa Ekegusii, Ekegusii kile cha Nyamira kinachoenda kasi, akimkaribisha, akimuuliza hali ya chai na ya magoti.

Mama Kemunto alinigeukia akiwa amependezwa. "Ameshika lugha haraka sana."

"Ni wa hapa, mama," Ogeto alisema. "Kwao ni ng'ambo ya ule mto."

"Wewe nyamaza kwanza. Wewe umeishi nchi nyingi."

Akampokea mtoto, akauliza jina lake, akaambiwa ni Nyakundi, jina la marehemu mumewe. Alilitamka jina hilo mwenyewe. Kisha akafungua ule mfuko, akamvisha mjukuu sweta ya theluji katika jua la alasiri, mikono ikamfika magotini. Mtoto hakulia. Alimtazama nyanya yake kama mtu anayengoja kuona mambo haya yanaelekea wapi.

Dereva alipiga honi. Nilimwambia Mama Kemunto gari linangoja, wageni nao wanangoja, na mvua ilikuwa ikijikusanya. Alikuwa ameshavua viatu na kuvipanga mlangoni, na alikuwa akiliangalia jiko la mkwe wake kwa jicho la mtu mwenye maoni.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mimi nimefika."

Mke wa Ogeto alinisindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa mtu mwenye adabu, akanishukuru, akanitakia safari njema, akafunga mlango wangu vizuri. Kisha akainama dirishani, akatazama nyuma kuelekea kibandani, na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia mama anapanga kukaa hadi lini. Nilimwambia kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sijamwona mmishonari aliyerudi kwao kabla kazi haijaisha.